Kidole Ndani ya Moyo wa Konsolata

Mlioniomba niandike ni ninyi mliobaki thieta, kwa hiyo nitaandika kama tulivyokuwa tukizungumza wakati wa chai. Mambo ya vyeo nimeyaruka. Nilipanda nilipopandishwa, na kila mara sherehe yake ilikuwa soda ya moto na hotuba ndefu. Nitaeleza habari za mikono, kwa sababu mtoa usingizi hukaa kichwani kwa mgonjwa, na kutoka pale huiona mikono ya daktari kuliko uso wake.

Mimi ni mtoto wa Kasingirima, Ujiji. Bibi mzaa baba alitoka ng'ambo ya ziwa, na Kiha nilifundishwa na wagonjwa waliokuja kutoka Simbo na vijiji vya juu. Nilianza kazi nikiwa muuguzi wa wodi. Siku moja Sista Febronia, mkuu wa thieta, alipita wodini akaniona nikimtuliza mtoto aliyekuwa akipigania pumzi.

"Wewe una subira," alisema. "Kesho njoo kwangu."

Nilidhani ananisifu. Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kukaa na mashine ya iteri, ile dawa ya usingizi ya kuvuta, kazi ambayo wengi waliikwepa kwa sababu ya harufu. Siku ya kwanza alinipa mfuko wa kupumulishia, akanitaka nimpumulishe mgonjwa huku nimefumba macho. Mkono, alisema, ndio unaojua kwanza mapafu yakiwa magumu, bomba likiteleza, au mgonjwa akianza kutaka kupumua mwenyewe. Macho yanafika baadaye. Siku hizi mna mashine zinazolia kila jambo likienda vibaya, na ni nzuri sana, lakini bado nawaomba mshike mfuko.

Kuhusu harufu, walisema kweli. Iteri hukufuata hadi nyumbani. Marehemu mume wangu alikuwa akisema ameoa mke anayenukia kama duka la dawa, na kwamba akikosa usingizi anasogea karibu yangu tu.

Nilisomea usingizi, nikarudi, nikazoea kazi zetu za kawaida: uzazi, ngiri, mifupa, matumbo yaliyojisokota. Kifua tulikiogopa. Ukifungua tumbo mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Ukifungua kifua, pafu linasinyaa mbele yako na pumzi yote inakuwa juu ya mtoa usingizi. Mtu mwenye tatizo la kifua tulimtia moyo na kumwandikia rufaa.

Kisha watu wakaanza kuvuka. Kwanza Warundi, kwa miguu, wakishuka milimani na magodoro na mbuzi. Baadaye Wakongo, kwa boti zilizojaa hadi maji yakaribie kuingia, wakitia nanga Kibirizi. Wodi zikajaa, kisha sakafu za wodi, kisha varanda. Na walikuja na vifua: watoto wenye usaha uliojaa ubavuni baada ya nimonia, wanaume wenye risasi, wazee wenye kifua kikuu cha miaka. Rufaa ya kwenda Dar ilikuwa treni, na watu hawa wasingefika hata Tabora.

Dr. Asukulu alikuja na boti mojawapo. Alikuwa mrefu, amevaa ndala za plastiki na shati lililokuwa la mtu mnene kuliko yeye. Alikwenda moja kwa moja kwa Dr. Kileo, mganga mfawidhi wetu, na mimi nilikuwepo nikiomba mitungi ya oksijeni.

"Shikamoo, Daktari," alisema, ingawa walikuwa karibu rika moja. "Mimi ni mupasuaji. Nilikuwa nafanya kazi Uvira. Mikono niko nayo, vyombo sina."

Dr. Kileo alimtazama. Alikuwa hajalala vizuri kwa wiki nyingi. "Mimi nina vyombo vichache na mikono iliyochoka," alisema. "Kaa kwanza, unywe chai."

Ruhusa zake zilichukua muda, na Dr. Kileo alizihangaikia mwenyewe. Zilipopatikana, Dr. Asukulu akaanza na vifua. Alitufundisha kutoa usaha kwa bomba linaloishia ndani ya chupa yenye maji, ili hewa itoke isirudi. Chupa zilikuwa za kawaida, tulizichemsha jikoni. Aliwaambia akina mama wa watoto, "Muangalie mapovu. Kama maji yanapanda na kushuka, mutoto anapumua. Kama yamesimama, muniite." Akina mama wakawa walinzi wazuri kuliko sisi. Ulikuwa ukipita varandani unawakuta wamekaa wakizitazama chupa kama watu wanaochunga sufuria ya maziwa.

Mimi aliniita Mama Usingizi. Kila kabla ya kukata aliuliza, "Mama Usingizi, unaniruhusu?" Sijawahi kufanya kazi na daktari mwingine aliyesubiri jibu.

Konsolata aliletwa kutoka kambini amekaa, kwa sababu kulala hakuweza. Alikuwa msichana wa Kirundi, mdogo bado, mimba yake imeanza kuonekana. Midomo ilikuwa ya bluu na alikohoa povu lenye rangi ya waridi. Aliongozana na mama mkwe wake, Bibi Anastazia, mwanamke mfupi aliyefunga kitenge kifuani na kushika mkoba wa ukindu usiomtoka mkononi. Mume wa Konsolata, mtoto pekee wa Bibi Anastazia, walipotezana naye njiani, na hawakujua kama yu hai. Kwa hiyo mle tumboni mlikuwa na kila kitu alichobakiwa nacho yule bibi, na hakuna aliyehitaji kulisema.

Dr. Asukulu alimsikiliza moyo kwa muda mrefu. Kisha akanipa kipimo chake masikioni.

"Hapa, chini ya titi la kushoto. Unasikia nini?"

Nilisikia mngurumo wa chini sana, kama lori lililosimama mbali na injini inawaka.

"Njo hiyo," alisema. "Mulango umeshikana."

Kwa mliosahau masomo: mtoto anaumwa koo, hatibiwi, homa inapanda na viungo vinauma, kisha anapona na watu wanasahau. Moyo hausahau. Miaka inapita, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto unakuwa mgumu, kingo zake zinagandana, na tundu linabaki dogo kama la kifungo. Damu inakwama na kurudi mapafuni. Mwanamke anaweza kuishi hivyo bila kujua, mpaka apate mimba, damu yake iongezeke, ndipo anaanza kuzama akiwa nchi kavu.

Tulimpa dawa za kutoa maji na za kutuliza mapigo. Alipata nafuu kidogo, kisha akarudi palepale. Mimba ilikuwa inakua na nafasi inapungua.

Dr. Asukulu alipomwambia Dr. Kileo anachotaka kufanya, tulikuwa chumba cha kunawia, Sista Febronia, mimi na wao wawili. Alitaka kufungua kifua upande wa kushoto, aingize kidole ndani ya moyo huku unapiga, autafute ule mlango, na kuuachanisha kwa ncha ya kidole. Kazi hiyo, alisema, ilifanywa duniani kote kabla ya mashine za kushikilia moyo, na yeye aliifanya mara kadhaa pamoja na profesa wake.

Dr. Kileo aliendelea kusugua mikono iliyokwisha takata. "Nikikataa," alisema hatimaye, "atakufa na watu watasema ni mapenzi ya Mungu. Nikikubali akafa, watasema ni Kileo."

"Watasema ni Asukulu," alijibu mwenzake. "Mimi ni mugeni, ni rahisi."

"Hapana. Hospitali ni yangu." Akafunga bomba. "Ongea na ndugu zake. Wakikubali, nitaingia na mimi. Unahitaji mtu wa kukushikia mbavu."

Mazungumzo na Bibi Anastazia nayakumbuka kuliko mihadhara yote niliyohudhuria. Dr. Asukulu alichutama mbele yake ili asimtazame kutoka juu, akaeleza kwa Kirundi na Kiswahili, polepole.

"Kidole?" aliuliza yule bibi. "Kidole gani?"

Daktari akanyoosha cha shahada. Bibi akakishika, akakigeuza, akaangalia ukucha, kama mtu anayekagua kitu kabla ya kukinunua.

"Umeshafanya?"

"Nilishafanya, mwalimu wangu akiwa kando yangu. Peke yangu, bado."

"Waliishi?"

"Wengi waliishi. Mmoja hakuamka."

"Urakoze," alisema Bibi Anastazia. Asante. "Wengine wangemficha huyo mmoja." Kisha akaanza kusema kwamba yeye ni mama mkwe tu, kwamba ukoo uko mbali, kwamba pengine wangojee mwanawe aonekane.

Konsolata alikuwa ameegemea mito kitandani. Alizungumza kwa vipande, neno na pumzi, neno na pumzi. "Mama. Anayekosa pumzi. Ni mimi. Niulizeni mimi."

Tukamuuliza. "Ego," alisema. Ndiyo.

Wiki ile tulijifunza kwa mioyo ya ng'ombe. Dr. Asukulu alizungumza na wachinjaji wa Katubuka, wakawa wanatuletea mioyo mizima isiyopasuliwa. Aliishona milango yake kwa uzi ili ishikane, kisha akatutaka kila mmoja wetu aingize kidole na kuupapasa, hata mimi ambaye nisingegusa moyo wa mtu kamwe. "Ukijua mimi niko natafuta nini," alisema, "utajua kwa nini ninakawia." Sista Febronia alirudia kupokezana naye vyombo mpaka wakawa hawasemi neno. Mioyo ile hatukuila. Mhudumu wetu aliuliza.

Nami nilikuwa na maandalizi yangu. Ketamini, rafiki yetu wa kila siku wa kulazia wagonjwa, niliiweka pembeni, kwa sababu inaukimbiza moyo, na moyo wenye mlango mwembamba ukikimbizwa haupati nafasi ya kujaa. Nilichagua pethidini ya maumivu taratibu, thiopentoni kidogo sana ya kumlaza, kisha iteri ya kumshikilia usingizini. Kifaa cha kutanulia mbavu kilipatikana stoo, masalia ya enzi za kupasua vifua vya kifua kikuu. Sista Febronia alikisugua kutu kwa mikono yake. Damu ilitoka kwa wavuvi wa Kibirizi waliokuja bila kuuliza ni ya nani.

Tulianza asubuhi, jua likiingia vizuri dirishani, kwa sababu umeme hatukuuamini. Konsolata hakuweza kulala chali hata dakika, kwa hiyo nilimlaza usingizi amekaa, mgongo wake umeegemea kifua cha Sista Febronia aliyemkumbatia kwa nyuma.

"Sali unavyojua," Febronia alimwambia sikioni. Konsolata alisali Kirundi na mimi nilisali kimya kwa namna yangu, na dawa ilipomshika tukamlaza haraka, nikapitisha bomba, tukamgeuza ubavu. Mapafu yake yalikuwa magumu. Kufinya mfuko ilikuwa kama kukamua taulo lililolowa.

"Mama Usingizi, unaniruhusu?"

"Nakuruhusu, Daktari."

Sitawaeleza kila hatua, ninyi mnazijua. Dr. Kileo alishika mbavu bila kutikisika, yeye ambaye siku zote ndiye alikuwa bwana wa kisu pale, na siku hiyo hakutoa amri hata moja. Moyo ulionekana, umevimba upande wa juu, unatetemeka. Dr. Asukulu alizungushia uzi kwenye kile kipande cha moyo kinachoning'inia kama sikio, akakikata ncha, damu ikaruka hadi kwenye aproni yake, na kidole kikaingia kuziba palepale.

Nilikuwa nimebandika kipimo kifuani kwa mgonjwa na mpira wake mmoja sikioni mwangu. Kidole kilipofika mlangoni, sauti ilikatika. Ndivyo ilivyotakiwa, alikuwa ametuonya: kidole kinaziba lile tundu dogo lililobaki. Lakini kujua ni jambo moja na kusikia kimya ndani ya mtu ni jingine.

"Kimya," nilisema.

Akarudisha kidole nyuma. Mapigo yakarudi, yamechanganyikiwa, kisha yakajipanga. Alifumba macho. Sote tulimwona, daktari amefumba macho katikati ya upasuaji, anasikiliza kwa ncha ya kidole. Akaingia tena.

"Kimya."

"Najua," alisema, kwa sauti ya mtu anayetafuta ufunguo gizani. "Njo huu. Kingo ya mbele. Subiri."

Bega lake lilisogea kidogo sana. Kisha akasema "Imeachia," na kusogea tena upande wa pili, akatoa kidole, na Febronia alikuwa ameshaweka koleo mkononi mwake kabla hajafungua mdomo. Uzi ukakazwa. Damu ilitiririka, ikapungua, ikasimama.

Nami nilikuwa wa kwanza kujua, kabla yao wote. Mfuko ulilainika mkononi mwangu. Sikuamini, nikafinya tena, na hewa ikaingia bila kubishana. Mapafu yaliyokuwa yamebeba maji miezi yote ile yalikuwa yameanza kupumzika.

"Daktari," nilisema, "amekuwa mwepesi."

Dr. Asukulu aliweka paji la uso kwenye bega la Dr. Kileo kwa kitambo, kisha akainuka na kuomba uzi wa kufungia kifua.

Alasiri ya siku ya pili Bibi Anastazia aliitwa wodini. Konsolata alikuwa amelala chali, mto mmoja tu, bomba la kifua likitoa mapovu machache kwenye chupa. Bibi alisimama mlangoni akadhani amekufa, maana hakuwahi kumwona amelala hivyo tangu watoke kwao. Nikamshika mkono nikamsogeza. Alipoona kitenge cha mkwewe kinapanda na kushuka, aliketi sakafuni palepale na kuuweka chini ule mkoba wa ukindu. Dr. Asukulu alikuwa pembeni akizitazama chupa. Alimwambia ukweli wake tena, kwamba mlango ule huenda ukashikana tena miaka ijayo, kwamba sindano ya kila mwezi, ya kuzuia homa ile isirudi, haitakiwi kukosa. Bibi alisikiliza yote. Kisha akakishika tena kile kidole, safari hii bila kukikagua.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, nami sikuhitajika hata kidogo. Wengi hudhani aliitwa Asukulu. Aliitwa Yohana, jina la baba yake, na daktari alisema hilo ndilo sawa. Konsolata alihudhuria sindano zake kwa miaka, akizilalamikia kila mara. Nilimwona mara ya mwisho siku ya msafara wa kurudi Burundi, akilielekea gari amebeba godoro kichwani mwenyewe, na Yohana anakimbia mbele. Sijui alifikia wapi. Namkumbuka na godoro lile.

Dr. Asukulu tulifanya naye kazi ya vifua vingi zaidi, si yote iliyofanikiwa, na kwa kila aliyekufa alikwenda mwenyewe hadi kwa ndugu zake. Kwao kulipotulia kidogo aliitwa kurudi. Alikataa sherehe. Aliondoka na boti ya mizigo, ameketi juu ya magunia ya chumvi ya Uvinza, na Dr. Kileo alimpungia mkono hadi boti ikawa ndogo kabisa. Kisha Dr. Kileo akarudi thieta, akafungua kifua cha kijana mwenye usaha, peke yake, kama alivyofundishwa. "Bi Mwajuma, unaniruhusu?" aliniuliza. Na mimi nikajibu.

Siku hizi mambo yamekwenda mbali. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilimsindikiza mgonjwa Dar, mwenye mlango ulioganda kama wa Konsolata. Walipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja, ukafika moyoni, wakajaza puto dogo, mlango ukaachia. Mgonjwa alikuwa macho, akiuliza kama amekosa chakula cha mchana. Vijana waliofanya ni wetu, wamesomea na kufundishwa, na nilisimama nyuma ya kioo na aproni nzito ya risasi ya kuzuia mionzi nikiwatazama kwa furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia. Na watafiti sasa wanasema jambo linalonifurahisha zaidi: kwamba mlango ukigunduliwa mapema, mtoto akiwa bado hana dalili, sindano ileile ya zamani inaweza kuuzuia usiharibike.

Ndiyo maana mwezi uliopita, nikiwa tayari mstaafu, nilikubali Neema aliponialika shuleni Simbo. Neema mnamjua, muuguzi wenu mdogo, amefunzwa kupima moyo kwa kifaa kinachoshikwa mkononi na kuonyesha picha kwenye kioo kidogo. Walipanga madawati mawili, wakaweka godoro juu, na watoto wakapanga mstari wakisukumana.

Msichana wa darasa la tano alipanda, akalala ubavu. Neema akampaka mafuta baridi kifuani, na kwenye kioo ukatokea ule mlango. Miaka yote ile mimi niliusikia tu. Sikuwahi kuuona ukifanya kazi. Ulikuwa unafunguka na kufungwa kama viganja viwili vinavyopiga makofi bila sauti.

"Huyo ni mimi?" msichana aliuliza.

"Ni wewe," alisema Neema.

"Hachoki?"

"Hajachoka." Neema akarudisha kifaa nyuma, akapima mara ya pili na ya tatu, kisha akanionyesha kwa kidole ukingo mmoja, mnene kidogo kuliko mwenzake. Kidogo tu. Usingeujua kwa masikio.

"Nitapasuliwa?" msichana aliuliza, akituangalia usoni.

"Hapana," Neema alimwambia. "Utachomwa sindano kila mwezi. Inauma. Nitaongea na mama yako leo."

Msichana alifikiri. "Kila mwezi," alisema, kama anayeonja neno. Akajifuta, akavaa shati, akateremka na kukimbia kuvuka uwanja kuwahi wenzake waliokuwa wakicheza rede. Nilitoka mlangoni nikamfuata kwa masikio, kwa mazoea ya kazi. Alikimbia uwanja mzima, akafika, akadaka mpira. Hata hapo sikumsikia akihema.